Alichosema Kaari

Wapakiaji walikuwa bado hawajamaliza. Mutuma alisimama mlangoni pa darasa, ufagio mkononi, akiwangoja wanaume waliochuchumaa sakafuni wafunge vibunda vya mwisho vya miraa na kuvizungushia majani ya mgomba. Nje, ukungu wa vilima vya Nyambene ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la mabati. Watoto waliotangulia kufika walijibanza kando ya ukuta, mikono wameificha ndani ya sweta, makamasi yakiwateremka. Hakuna aliyelia. Watoto wa pale walijua kwamba miraa hupita kwanza.

"Ngoja kidogo, mwalimu wa kunyonyesha," alisema mmoja wa wapakiaji bila kuinua macho. "Gari ya Kiogora haingojangi mtu."

Wenzake wakacheka. Mutuma naye alicheka kidogo, kwa sababu kutocheka kungewapa la kusema tena. Aliyesema alikuwa wa rika lake. Walitahiriwa msimu mmoja, wakakwea miti ya miraa pamoja miaka mingi, na hadi leo mwenzake alichukulia kwamba chekechea ni mzaha ambao Mutuma angeuchoka.

Walipotoka, alifagia vijiti na mabua, akatandika majani safi ya mgomba waliyoyaacha, akawaita watoto ndani. Walikaa juu ya majani hayo. Madawati yalikuwa yameahidiwa tangu kiangazi cha mwaka juzi.

Darasa lilikuwa la Kiogora. Yeye ndiye aliyelijenga, kwa mbao zake na mabati yake, juu ya ardhi ya shule, na jina lake lilikuwa limepakwa rangi juu ya mlango. Basi alfajiri lilikuwa ghala lake, na jua likishapanda lilikuwa chekechea. Kiogora alikuwa mnunuzi mkubwa wa miraa pale Laare na mwenyekiti wa bodi ya shule. Miti ya mama yake Mutuma pia ilikuwa mikononi mwake. Mama aliikodisha kwake kwa miaka mingi ili mwanawe aende Embu kusomea diploma ya kufundisha watoto wadogo. Sasa masomo ya darasani yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ni muhula mmoja wa mazoezi, hapa nyumbani, chini ya mwalimu mkuu Madam Angeline. Kisha mkufunzi kutoka chuoni angekuja kumtazama akifundisha, na kama angeridhika, Mutuma angekuwa mwalimu.

Wanaume walipomuuliza kwa nini, kati ya kazi zote za dunia, alichagua hiyo, aliwaacha wacheke. Angesema nini? Kwamba siku moja akiwa juu ya mti alimsikia mtoto wa jirani chini akiwafundisha kuku kuhesabu, akasahau kuchuma?

Chuo kilimtaka kila mwanafunzi achague mtoto mmoja na kumfuatilia muhula mzima: anavyocheza, anavyokula, anavyosema. Mutuma alimchagua Kaari kwa sababu hakusema. Alikuwa wa miaka minne, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayesikiliza mlango. Baba yake alikuwa mdogo wake Kiogora, naye alishafariki. Mama yake aliondoka baada ya mazishi, au alifukuzwa. Ilitegemea unamuuliza nani. Mtoto alibaki kwa Kiogora, pamoja na shamba la marehemu.

Mutuma hakumlazimisha kusema. Alimwacha akae karibu na goti lake wakati wa hadithi. Wengine walipomcheka kwamba ni bubu, Mutuma aliwaambia kwa Kimeru, lugha waliyojifunzia, kwamba Kaari anaweka maneno akiba. Siku hiyo mtoto alimshika kidole na hakukiachilia mpaka wakati wa kwenda nyumbani.

Pembeni mwa darasa alikuwa ametengeneza pahali pa michezo: mawe ya jiko, makopo, vijiko vilivyopinda, na wanasesere aliowasuka kwa majani ya mgomba. Huko ndiko alikomwona. Kaari alichukua kijiko, akakishikilia juu ya mawe ambayo hayakuwa na moto, akangoja. Alingoja kwa muda mrefu, kwa uvumilivu, kama mtu anayejua kitu hicho huchukua muda. Kisha akamlaza mwanasesere kifudifudi, akamwekea kijiko nyuma ya mapaja, akakigandamiza.

"Kira," alinong'ona. Nyamaza.

Hilo lilikuwa neno la kwanza Mutuma kulisikia kutoka kinywani mwake.

Juma hilohilo Kaari alijikojolea wakati wa uji. Mutuma hakuwagusa wasichana kwa mambo ya choo. Madam Angeline alikuwa amemwonya tangu siku ya kwanza, naye aliliona onyo hilo kuwa la haki. Akampeleka kwa Nelius, mpishi wa uji, mama mnene mwenye kikohozi cha moshi. Baada ya kitambo akasikia akiitwa.

"Mwalimu! Kuja uone kama maji imebaki."

Maji yalikuwa tele. Nelius alikuwa amemsimamisha Kaari ndani ya karai, mtoto amewapa mgongo, amefungwa leso kiunoni. Aliinua upindo wa leso, kidogo tu, juu ya magoti, kisha akaushusha upesi. Mutuma aliona. Alama zilikuwa za duara refu, kama tumbo la kijiko, zimepangana. Nyingine zilikuwa zimepona na kubaki nyeupe. Moja ilikuwa bado inatoa maji.

Nelius alimfuta mtoto miguu. Mwishowe akasema, macho yake kwenye karai, "Mimi sijaona kitu. Mimi niko na watoto wananingojea nyumbani. Lakini wewe umesoma, mwalimu."

*

Madam Angeline alikuwa akinywa chai. Alimsikiliza hadi mwisho, akafunika kikombe kwa kisahani.

"Mtoto wa nani?"

"Kaari, Madam."

"Sijauliza jina. Nimeuliza ni mtoto wa nani."

"Wa kwa Kiogora."

"Haya." Alikisogeza kikombe kando, kama anayempa nafasi ya kusikia jibu lake mwenyewe. "Watoto huchomeka, Mutuma. Nyumba zetu ziko na jiko katikati. Wewe ulichomeka, mimi nilichomeka. Tumalize muhula kwanza, sawa? Mkufunzi wako anakuja lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi andaa somo lako."

Alitoka akiwa ameamua kuandaa somo lake. Alifika hata kwenye njia ya nyumbani. Lakini kila alipotaka kufikiria wimbo wa kufundishia rangi, aliona mtoto akingoja kijiko kipate moto. Akapanda nyuma ya kanisa, mahali ambapo simu hushika vizuri, akapiga nambari ya bure ya kuripoti mateso ya watoto. Chuoni waliikariri mpaka wakaitungia wimbo.

Aliyepokea alikuwa mwanamke. Alimwuliza maswali kwa utulivu, akamshukuru. "Umefanya vizuri, mwalimu," alisema.

Mutuma alibaki ameshika simu baada ya sauti hiyo kukatika. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu alipomwita mwalimu bila kumwongezea kitu.

*

Mkufunzi, Bwana Njuki, alifika kutoka Embu akiwa na viatu vilivyong'arishwa, ingawa matope ya Laare yalikuwa yameshavipata. Alikaa nyuma ya darasa juu ya kiti alicholetewa kutoka ofisini. Mutuma alifundisha rangi kwa majani, maua na vitambaa. Watoto waliimba, wakatembea, wakatafuta chekundu, wakapata, wakashangilia. Hata Kaari alileta ua. Bwana Njuki alitabasamu zaidi ya mara moja, na mwishoni alimpa Mutuma mkono mbele ya watoto.

"Miaka yote nimefundisha," alisema, "wanaume kama wewe nimepata wachache. Kuja ofisini tumalizie."

Ofisini, Kiogora alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Madam Angeline alikuwa kwenye benchi, mahali pa wazazi. Hakuna aliyemwambia Mutuma akae.

"Muga, mwalimu," Kiogora alimsalimia kwa upole. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyezoea watu kunyamaza ili wamsikie. "Mama ako aje?"

"Ako salama, mzee."

"Mwambie ile miti yake tunaitunza. Iko na afya kuliko ya watu wengine." Alikunja mkono wa koti lake. "Nasikia wewe unapenda watoto."

Mutuma alivikunja vitambaa vya somo alivyokuwa bado amevishika.

"Si mbaya. Mwanaume kupenda watoto si mbaya. Lakini Madam amepigiwa simu na ofisi ya watoto. Kuna mtu ameripoti. Wanasema mtoto wangu ako na alama mahali fulani kwa mwili." Aliinamisha kichwa, akamtazama kama anayetaka kweli kuelewa. "Mimi ndiye namlea, na hapo mahali sijawahi kupaona. Mke wangu ndiye humwosha. Sasa nashangaa. Huyo mtu aliona aje?"

Mutuma alimgeukia Madam Angeline.

"Nilionyeshwa. Na Nelius."

Madam Angeline alienda mlangoni, akamwita Nelius. Mama yule aliingia akipangusa mikono, akasimama karibu na kabati. Aliulizwa. Alimtazama Kiogora, akamtazama Mutuma, kisha akatazama sakafu, na hapo ndipo macho yake yalipokaa.

"Mimi napika uji tu," alisema. "Mambo ya kuonyesha mtu kitu mimi sijui."

"Asante. Rudi jikoni."

Mlango ulifungwa. Lori lilipita barabarani likiwa limesheheni, likapiga honi. Bwana Njuki alikohoa.

"Mutuma," alisema, na sauti yake haikuwa mbaya; hilo ndilo lililomtia Mutuma hofu. "Kijana yangu. Wewe unaelewa vile hii kitu inaonekana? Mwanaume, mtoto wa kike, nyuma ya jikoni. Sisi hapa tunakujua. Lakini polisi hawakujui. Ukienda kuomba good conduct na jina lako liko kwa faili ya mambo ya watoto, hata kama hukufanya kitu, hiyo cheti huoni. Na bila hiyo hakuna kuandikishwa ualimu. Hakuna kaunti itakugusa. Diploma utafungia maandazi."

"Lakini mtoto anachomwa, mwalimu."

"Na nani?" Kiogora aliuliza.

Swali lilikuwa dogo, na lilijaza chumba kizima.  Mutuma hakujua ni nani katika nyumba ile. Mtoto hakuwahi kusema. Kulikuwa na kijiko tu, na mwanasesere wa majani.

"Uji," alisema Madam Angeline kutoka kwenye benchi. Alisema kwa uchovu, kama anayetaja jambo ambalo tayari limeshapita. "Uji ulimwagika. Mpishi alikuwa na haraka, mtoto alikuwa karibu. Mwalimu aliona, akaogopa, akapiga simu bila kuuliza. Ni kosa la mtu mchanga. Hakuna mtu atafungwa kwa hiyo."

"Na Nelius?"

"Nelius mwenyewe amesema ndiye hupika uji. Umemsikia."

Bwana Njuki alitoa penseli mfukoni, akaizungusha kati ya vidole. "Alama zako nimeziandika kwa hii," alisema. "Ni alama nzuri sana. Nikifika Embu ndipo huzipitia kwa wino."

*

Afisa wa watoto alifika kwa pikipiki ya kukodi, vumbi limemjaa hadi kwenye kitambaa cha kichwa. Aliitwa Shamima. Alikuwa msichana wa umri wa Mutuma mwenyewe, aliyehamishiwa sehemu hizo majuzi, na aliomba msamaha kwa kuchelewa kabla hajaketi. Eneo lake lilikuwa kubwa, gari la ofisi halikuwa na mafuta. Darasani, watoto wengine wakichungulia kutoka mlangoni, alichuchumaa mbele ya Kaari ili nyuso zao zilingane. Mutuma aliona kwamba alijua kazi yake. Ingekuwa rahisi zaidi kama asingeijua.

"Hujambo, mrembo? Umeumia wapi?"

Kaari alimtazama midomo.

"Hajui Kiswahili," alisema Madam Angeline. "Hawa wa mwaka wa kwanza tunawafundisha kwa lugha ya nyumbani."

"Mimi nami Kimeru sina hata neno." Shamima aliinua macho. "Mwalimu, naona anakuzoea. Utanisaidia? Mwulize taratibu. Mwambie hakuna mtu atamkasirikia."

Nje, dirishani, lilionekana bega la gari jeupe la Kiogora, na mkono wake ukiwa umening'inia mlangoni. Mutuma alipiga magoti. Kaari alikuja mwenyewe, akakishika kile kidole chake.

Alimwuliza kwa Kimeru kama alivyoambiwa. Nani alikuumiza? Usiogope. Huyu dada amekuja kukusikiliza.

Alitumaini kwamba hatasema. Baadaye, hilo ndilo alilolirudia zaidi: kwamba alipiga magoti mbele ya mtoto aliyemngoja aseme muhula mzima, akaomba moyoni anyamaze.

Kaari alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamshwa, na maneno yalikuwa kamili, yamepangwa, hayakukosewa hata moja.

"Mwalimu, ni kijiko. Kinawekwa motoni. Mwambie nisirudi huko."

Madam Angeline alishughulika na kifungo cha sweta yake. Alikuwa Mmeru wa palepale. Alisikia kila kitu.

"Amesema nini?" Shamima aliuliza.

"Anasema ni uji."

"Amesema mengi zaidi ya hayo."

"Anasema ni uji." Aliutazama ule mkono wa nje ya dirisha. "Na hataki kurudi huko. Jikoni."

"Maskini," Shamima alisema, na macho yake yalilegea kweli. Aligeuka kwa mwalimu mkuu. "Mpishi wenu ako wapi?"

Kaari hakujua Kiswahili, isipokuwa maneno machache ya shule, na mojawapo alilisikia kila asubuhi kengele ikilia, wakipangwa foleni na vikombe. Uji. Alilisikia likitoka kinywani mwa mwalimu. Alikitazama kidole alichokuwa amekishika. Kisha akakiachilia, si kwa hasira, bali polepole, kama mtu anayerudisha kitu ambacho amegundua si chake.

Siku hiyohiyo Nelius alifukuzwa. Aliondoka na sufuria yake mwenyewe kichwani, kwa maana sufuria ilikuwa yake, na kwa kitambo kifupi cha aibu Mutuma alijiambia kwamba alistahili; si alimkana? Kitambo hicho kilipita na hakikumwachia kitu cha kujikinga.

*

Kaari alikuja siku chache zaidi. Hakukaa karibu na goti. Kisha hakuja. Madam Angeline alisema amepelekwa kwa shangazi yake kule Ishiara, chini kwenye joto, akakae na wenzake. Mutuma aliuliza shangazi huyo anaitwa nani. Madam Angeline alimwambia afunge dirisha, vumbi linaingia.

Lakini watoto hawakusahau. Siku moja, akiwa anafuta ubao, alisikia kimya upande wa michezo, kile kimya cha watoto wanaofanya jambo kwa makini. Aligeuka. Walikuwa wamezunguka mawe. Mmoja alishika kijiko juu ya jiko lisilo na moto, wengine wakangoja naye, kwa uvumilivu uleule. Kisha mwanasesere akalazwa.

"Sema ni uji," kitoto kimoja kilimwambia mwanasesere. "Sema ni uji, basi."

Mutuma alikusanya wanasesere wote, akawapeleka jikoni na kuwatia chini ya sufuria ya mpishi mpya. Majani mabichi hayakushika moto. Yalitoa moshi mweupe uliorudi darasani kupitia dirishani, na watoto wakakohoa mpaka wakati wa kwenda nyumbani.

Alama zilipitiwa kwa wino. Embu, siku ya mahafali, mama yake alipiga vigelegele hadi watu wakageuka kumtazama, na Bwana Njuki alimwita jukwaani peke yake, akamtaja kuwa kielelezo kwa wanaume. Alipokwenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya cheti cha polisi, askari alimshika kidole kimoja baada ya kingine, akavigandamiza kwenye wino, na kilipofika kidole kile alichokuwa akikishika Kaari, mkono wa Mutuma ulijivuta wenyewe.

"Legeza," askari alisema. "Ukikaza hivi itaonekana kama uko na makosa."

Cheti kilitoka. Hakikuwa na doa. Hakuna kosa lolote lililopatikana dhidi ya jina lake.

Nelius alikutana naye mara moja sokoni Laare, amekaa kando ya barabara akipanga majani ya mgomba ya kuwauzia wapakiaji. Mutuma alikuwa amejiandaa kwa matusi. Mama yule alimsogezea jani la kukalia.

"Mwalimu," alisema tu. Neno hilo halikuwa na kejeli. Mutuma alitamani liwe nayo.

*

Alipopata kazi aliomba mwenyewe apelekwe Mbeere, karibu na Ishiara. Watu walidhani amechanganyikiwa. Nani anaacha baridi ya Nyambene kwenda kukaangwa na jua kati ya mbuzi na ndengu? Siku za soko alitembea katikati ya wauzaji akiuliza. Mtoto wa kutoka Laare. Mwembamba. Hasemi. Akina mama walikung'uta ndengu kwenye vitunga vyao, wakatikisa vichwa. Mmoja alimwuliza kama ni wake. Alisema hapana. Mwanamke akamtazama kwa muda, akamwuliza basi anamtafutia nini, mwanaume mzima, mtoto wa kike wa wenyewe. Tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Alikuwa mwalimu mzuri. Kila mtu alisema hivyo. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo wazazi hawakulielewa: hakuwaruhusu watoto wamsemeshe kwa lugha ya nyumbani. Kimbeere hakikuwa mbali sana na Kimeru. Alikielewa vya kutosha, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtoto akianza sentensi nyuma yake, polepole, kwa sauti iliyotoka usingizini, mgongo wake uliingiwa na baridi katikati ya joto lile. Chaki ilisimama. Wakati mwingine aligeuka akiwa na hakika ni nani atakayemwona amesimama pale. Palikuwa na mtoto mwingine tu, anaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

"Kiswahili," alikuwa akisema. "Kwa Kiswahili."

Na wale wasiokuwa na Kiswahili walinyamaza.

Asubuhi moja ya mwanzo wa muhula, watoto walipanga mstari uani kwa ukaguzi wa usafi. Mutuma alipita akitazama kucha na masikio. Karibu na mwisho kulikuwa na mgeni, mtoto mdogo aitwaye Karimi, aliyeletwa juzi na bibi yake. Kabla Mutuma hajamfikia, mtoto alishafungua kifungo cha mkono wa shati, ameukunja hadi juu ya kiwiko, na amenyoosha mkono.

"Mwalimu, ona," alisema. Hayo alikuwa ameyajua kwa Kiswahili. Huenda alifundishwa njiani.

Mutuma aliinua macho yake juu ya kichwa cha mtoto, kwenye ua wa miiba, kwenye mbuzi wa jirani waliokuwa wakiuparamia, kwenye kilima cha mbali kilichotetemeka kwa joto. Huenda ulikuwa mwiba. Huku kila mtoto ana mkwaruzo wa mwiba.

"Shusha," alisema.

"Ona, mwalimu."

"Shusha nguo. Nimesema ni kucha tu."

Alisogea kwa mtoto aliyefuata, akamshika vidole, akavigeuza, akavisifu. Alipofika mwisho wa mstari, Karimi alikuwa bado amenyoosha mkono, ukiwa wazi juani, nzi mmoja ametua hapo ambapo Mutuma hakutazama. Wenzake walimtazama mtoto, wakamtazama mwalimu. Kisha Karimi aliushusha mkono wa shati mwenyewe. Alihangaika na kifungo, kwa vidole vifupi ambavyo bado havijazoea, mpaka kikaingia. Akafuata wengine darasani.